Ovechkin kavunja rekodi ya mabao. Je, Gretzky bado ndiye mkubwa wao?

Msomaji mmoja, mwenyeji wa Tanga anayeishi Edmonton, Kanada, ameandika: "Mwanangu ana miaka 10, anacheza hoki ya barafuni, na ni mdogo wa umbo kuliko wenzake wote. Kocha kamwambia amtazame Wayne Gretzky. Hapa mjini kuna sanamu yake nje ya uwanja na barabara yenye jina lake, lakini mwaka 2025 nilisikia Alex Ovechkin wa Washington kamvunjia rekodi ya mabao. Je, ni kweli bado ndiye mkubwa kuliko wote, au ni mapenzi ya mji tu? Na mtoto mdogo wa umbo ajifunze nini kwake?"

Ndugu yangu, salamu kwako na kwa kijana. Nitajibu kwanza, maelezo yafuate: ndiyo, Gretzky bado ndiye mkubwa kuliko wote, na si mapenzi ya Edmonton peke yake yanayosema hivyo. Rekodi aliyoivunja Ovechkin ni nzito na ameitolea jasho kwa misimu 20. Ila haikuwa rekodi kubwa ya Gretzky. Ile kubwa haijaguswa, na mimi simwoni wa kuigusa.

Sisi tuliokulia kwenye soka, tukitajiwa mchezaji mkubwa, swali la kwanza ni kafunga mangapi. Kwenye hoki swali hilo ni nusu tu. Kila bao linaweza kuandikiwa majina matatu: mfungaji, aliyempa pasi, na aliyempasia huyo mtoa pasi. Mfungaji anapata pointi moja. Wale wawili wanapata asisti, na asisti nayo ni pointi moja, sawasawa na bao. Mwisho wa msimu kinara wa ligi ni mwenye pointi nyingi, hata kama mabao yake si mengi.

Sasa angalia hesabu ya Gretzky katika NHL, ligi kuu ya Kanada na Marekani, toka 1979 hadi 1999, bila kuhesabu mechi za mtoano: mechi 1,487, mabao 894, asisti 1,963, jumla pointi 2,857. Anayemfuata kwa pointi ni Jaromir Jagr, raia wa Czech, mwenye 1,921. Hebu ziweke hizo namba mbili pamoja. Asisti peke yake za Gretzky ni 1,963. Mabao na asisti zote za Jagr ni 1,921. Ukimnyang'anya Gretzky mabao yake yote 894, ukamwachia pasi tupu, bado anaongoza orodha ya pointi ya historia nzima ya ligi.

Kwa asisti anayemfuata ni Ron Francis, 1,249. Mtu anayetaka kumfikia Gretzky itabidi atoe asisti 98 kila msimu, kwa misimu 20 bila kupumzika, na hapo bado atapungukiwa na tatu. Na asisti 98 si jambo la kila mtu. Hadi mwisho wa msimu wa 2023-24 waliokuwa wamefikisha 100 kwa msimu mmoja walikuwa watano tu katika ligi iliyoanza 1917. Bobby Orr alifika mara moja. Mario Lemieux mara moja. Nikita Kucherov na Connor McDavid, ambaye mwanao anamwona hapo hapo mjini kwenu, walifika 100 kamili kila mmoja msimu huo wa 2023-24. Gretzky alipita 100 mara 11, tena mfululizo, kuanzia 1980-81 hadi 1990-91. Mwaka mmoja kati ya hiyo, 1985-86, zilikuwa 163.

Kuhusu Ovechkin nataka tumtendee haki. Tarehe 6 Aprili 2025, dhidi ya New York Islanders, alifunga bao la 895, na siku hiyo alikuwa anacheza mechi yake ya 1,487, idadi ile ile aliyocheza Gretzky maisha yake yote ya NHL. Gretzky mwenyewe alikuwepo na akampongeza mbele ya watu wote. Tena Ovechkin kafunga katika zama ngumu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mechi moja ya NHL ilikuwa ikitoa karibu mabao 8 kwa wastani, timu zote mbili zikijumlishwa. Kwa muda mrefu wa zama za Ovechkin wastani umekuwa kama 6. Makipa wa zamani walikuwa na vifaa vidogo na mbinu za kizamani, wengi wakisimama wima na kudaka kwa wepesi wa mguu. Kwa hiyo mtu akiniambia Ovechkin ndiye mfungaji bora kuliko wote, simpingi hata kidogo.

Ila ukiitumia hoja hiyo ya zama kumshusha Gretzky kwa jumla, inakwama mahali pamoja: wapinzani wake nao walicheza mbele ya makipa hao hao. Msimu wa 1981-82 Gretzky alimaliza na pointi 212. Wa pili, Mike Bossy, mfungaji hodari sana wa Islanders, alikuwa na 147. Msimu wa 1983-84 Gretzky alipata 205, na wa pili alikuwa Paul Coffey, 126. Coffey alikuwa beki wa timu hiyo hiyo ya Edmonton, na sehemu kubwa ya pointi zake zilipita kwenye gongo (fimbo ya kuchezea) la Gretzky. Pointi 200 kwa msimu hakuna mwingine aliyewahi kuzifikisha. Gretzky alizipita mara nne. Lemieux, aliyekuwa mkubwa wa mwili na mwenye kipaji cha ajabu, aliishia 199.

Sasa tuje kwenye umbo, maana naona hapo ndipo moyo wako ulipo.

Kwenye karatasi rasmi Gretzky alikuwa na urefu wa sentimita 183 na uzito wa kilo 84, na alipoanza ligi akiwa na miaka 18 alikuwa mwembamba kuliko hivyo. Katika vipimo vya nguvu vya klabu alikuwa akishika mkia. Hakuwa na mkwaju mkali kuliko wenzake, wala hakuwa mwenye kasi kuliko wote hata ndani ya timu yake. Coffey, Mark Messier na Glenn Anderson walikuwa wakimwacha. Ukimweka mbele ya mtu asiyemjua na kumwambia achague mchezaji bora wa dunia kwa kutazama miili, Gretzky asingechaguliwa.

Alizaliwa tarehe 26 Januari 1961, Brantford, mji mdogo wa jimbo la Ontario. Baba yake, Walter, alikuwa fundi wa kampuni ya simu. Kila majira ya baridi Walter alikuwa akimwagilia maji uwanja wa nyuma ya nyumba usiku, maji yanaganda, watoto wanapata barafu yao. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: amechoka kuganda kwa baridi kwenye kiwanja cha mtaa akimsubiri mwanawe, ambaye akishavaa viatu vya barafu alikuwa hataki kuvivua. Afadhali amtazame kupitia dirisha la jikoni. Mwaka mmoja kile kinyunyizio cha bustani kiliharibika, akamtuma mkewe Phyllis dukani kununua kingine, mwezi wa Februari, theluji imejaa kila mahali. Muuzaji alidhani mama huyu ana wazimu.

Kwenye barafu ile Walter alikuwa akipanga makopo na chupa, mtoto akizunguka katikati yake na kisahani kwenye gongo (kisahani ndicho ule mpira mweusi bapa wanaouchezea). Halafu alikuwa akimpigia kisahani kuelekea pembeni na kumwambia asikikimbilie kilipo, akakingojee kitakapofika. Na mechi za Jumamosi zikioneshwa kwenye televisheni, mtoto alikuwa akichora umbo la uwanja kwenye karatasi, anaweka ncha ya penseli, kisha anafuata safari ya kisahani kwa mkono huku macho yakibaki kwenye skrini. Mwisho anatazama karatasi: mistari imejazana wapi, wapi kweupe. Nakuomba uikumbuke karatasi hii, nitairudia.

Akiwa na miaka 6 alicheza na wa miaka 10. Jezi ilikuwa kubwa, ikawa inamsumbua upande wa gongo, akaichomeka kwenye suruali upande wa kulia. Tabia hiyo alikuwa nayo hadi mechi yake ya mwisho akiwa na miaka 38. Akiwa na miaka 10 alifunga mabao 378 kwa msimu mmoja. Watu husimulia habari hiyo kwa kucheka na kushangaa, lakini kwa mtoto ilikuja na uchungu. Wazazi wa wenzake walimchukia. Kwenye Siku ya Brantford katika uwanja wa Maple Leaf Gardens, Toronto, alizomewa na watu wa mji wake mwenyewe, akiwa bado mvulana mdogo. Alipofika miaka 14 aliondoka nyumbani kwenda kuishi Toronto, kwa sehemu kubwa ili apumue. Mimi nimefundisha watoto mchezo huu na nimekaa karibu na wazazi wanaopiga kelele jukwaani, na kila nikifika kwenye ukurasa huu wa maisha yake huwa naumia.

Namba 99 ilikuja akiwa na miaka 16, katika timu ya vijana ya Sault Ste. Marie. Alitaka 9, namba ya Gordie Howe, aliyekuwa shujaa wake. Ilikuwa na mwenyewe, na kocha akamshauri avae 9 mbili. Mwaka uliofuata alisajiliwa na Indianapolis katika ligi pinzani ya wakati ule, WHA, akacheza mechi 8 tu, klabu ikawa haina pesa, akauzwa Edmonton. Mwaka 1979 WHA ikavunjika na Edmonton Oilers wakapokelewa NHL.

Wengi walisema sasa ataonekana alivyo: mwembamba, ligi ni ya wanaume. Msimu wake wa kwanza alimaliza na pointi 137, sawa na Marcel Dionne wa Los Angeles, kileleni. Tuzo ya kinara ikaenda kwa Dionne kwa sababu alikuwa na mabao 53 na Gretzky 51. Sheria inasema mkilingana pointi, mabao ndiyo yanaamua. Mimi sheria hiyo siipendi. Ligi inayohesabu asisti sawa na bao mwaka mzima haina sababu ya kugeuka siku ya mwisho. Ila ligi ilimpa Gretzky tuzo ya mchezaji bora, na ikaendelea kumpa hadi ikatimia miaka 8 mfululizo.

Alifanyaje? Kuna mambo mawili ambayo ningetaka kijana ayaone kwa macho yake, na picha za video zipo tele.

La kwanza ni nyuma ya goli. Kwenye hoki goli halikai mwisho wa uwanja. Nyuma yake kuna nafasi ya kama mita 3 kabla ya kufika kwenye mbao za pembeni. Zamani wachezaji walipita pale tu. Gretzky alikaa. Watu wakaanza kupaita ofisini kwake. Fikiria wewe ni kipa: mtu mwenye kisahani yuko mgongoni mwako, na wale watakaopiga wako mbele yako. Ukimtazama yeye huwaoni wao, ukiwatazama wao humwoni yeye. Na beki wako naye ana tabu: akimfuata kulia, Gretzky anatokea kushoto, goli lenyewe limekuwa ngao yake, asipomfuata, anamwachia muda, na muda ndicho kitu pekee alichokuwa anakihitaji. Hapo Jari Kurri, Mfini aliyekuwa winga wake, anajipenyeza mbele ya goli, kisahani kinatoka, kimeingia. Kurri alifunga mabao 71 msimu wa 1984-85.

La pili ni kusubiri. Wachezaji wengi wakivuka mstari wa buluu na kuingia eneo la wapinzani huongeza mwendo kwenda golini. Gretzky alikuwa akiingia, anakata kona ghafla kuelekea pembeni, anageuka anatazama nyuma. Mabeki waliokuwa wanarudi kinyumenyume kwa kasi wanampita, kati yao na yeye kunakuwa na uwazi. Sekunde moja, mbili. Anamsubiri nani? Anamsubiri mtu wa nne anayekuja kwa nguvu zote, na hapo Edmonton mara nyingi ni Coffey, ambaye hakuna aliyemshika kwa sababu kila mtu anamtazama Gretzky. Msimu wa 1985-86 Coffey alifunga mabao 48, na hakuna beki mwingine aliyefikisha hayo kwa msimu hadi leo ninapoandika.

Nafasi wazi ilikuwa chakula chake kiasi kwamba mwaka 1985 ligi ilibadilisha kanuni. Zamani mchezaji mmoja wa kila upande wakitolewa nje kwa pamoja kwa faulo ndogo, timu zilibaki na wachezaji wanne kwa wanne. Edmonton walikuwa wakiwala watu katika dakika hizo. Ligi ikaamua waliotolewa waingizwe wengine, mchezo ubaki watano kwa watano. Kanuni ya zamani ilirudishwa 1992, Gretzky akiwa ameshaondoka Edmonton zamani.

Nisije nikakupa picha kwamba hakuwa akifunga. Msimu wa 1981-82 alifunga 92. Kipimo cha wakati ule kilikuwa mabao 50 katika mechi 50, jambo ambalo Maurice Richard alilifanya mwaka 1945 na Bossy akalirudia 1981. Gretzky baada ya mechi 37 alikuwa na 41. Mechi ya 38 alifunga manne. Mechi ya 39, tarehe 30 Desemba 1981 dhidi ya Philadelphia, alifunga matano, la mwisho golini pasipo kipa, maana wapinzani walikuwa wamemtoa ili waongeze mshambuliaji, zimebaki sekunde chache.

Makombe hayakuja mara moja. Mwaka 1983 Oilers walifika fainali ya Kombe la Stanley, ndilo kombe la ubingwa wa NHL, na Islanders wakawafunga mechi nne kwa sifuri. Baada ya mechi ya mwisho Gretzky na mwenzake Kevin Lowe walipita mlangoni mwa chumba cha mabingwa wakitegemea kusikia shangwe. Walichokiona ni wazee wa kazi wamekaa kimya, barafu imefungwa magotini na mabegani, nyuso zimevimba. Wao wenyewe walikuwa wanatoka wazima. Gretzky amesimulia mara nyingi kwamba siku ile walielewa wanachopungukiwa. Mwaka 1984 wakakutana na Islanders tena na wakachukua kombe. Wakachukua tena 1985, 1987 na 1988.

Hapa nitaje jina moja ambalo mwanao anapaswa kulijua: Grant Fuhr, kipa wa timu hiyo, mtoto wa Spruce Grove, jirani kabisa na mji mnaoishi, na mchezaji wa kwanza mweusi kushinda Kombe la Stanley. Gretzky amesema mara nyingi kwamba Fuhr ndiye kipa bora aliyewahi kumwona. Timu iliyokuwa inashambulia kama Edmonton ilikuwa inaacha mlango wazi nyuma, na Fuhr ndiye aliyekuwa anaufunga. Kijana akikuuliza kama mchezo huu una watu wanaofanana naye, anza na huyo.

Tarehe 9 Agosti 1988, chini ya mwezi mmoja baada ya harusi yake iliyofanyika hapo Edmonton, Gretzky aliuzwa Los Angeles Kings. Mwenye klabu, Peter Pocklington, alipokea wachezaji, nafasi tatu za raundi ya kwanza timu za ligi zinapogawana vijana wapya, na dola milioni 15 za Marekani. Mbele ya waandishi Gretzky alishindwa kumaliza kusema. Alikuwa amemwahidi Messier kwamba hatalia, akalia. Mbunge mmoja, Nelson Riis, aliitaka serikali ya Kanada iingilie kati kuzuia mauzo. Mtu wa nje anaweza kuona watu wamevuka mpaka, lakini wewe unaishi hapo. Waulize majirani zako wenye miaka 50 kwenda juu siku hiyo walikuwa wapi, na uone watakavyokujibu.

Huko Los Angeles hoki ilikuwa mchezo wa watu wachache. Uwanja ukaanza kujaa, na ndani ya miaka mitano California ilikuwa na timu nyingine mbili za NHL, San Jose na Anaheim. Tarehe 15 Oktoba 1989 aliivunja rekodi ya pointi ya Gordie Howe, 1,850, na ratiba ilitaka itokee Edmonton kwenyewe: zimebaki sekunde 53, Kings wako nyuma kwa bao moja, Gretzky anasawazisha kwa upande wa nyuma wa gongo. Mchezo ukasimamishwa, Howe akiwepo, watu wa Edmonton wakasimama kumshangilia mchezaji wa timu pinzani. Dakika za nyongeza akafunga la ushindi. Howe alizipata pointi zake kwa mechi 1,767. Gretzky alikuwa kwenye mechi ya 780.

Sasa upande wa pili wa mizani, maana umeniuliza kama ni mapenzi ya mji. Baada ya kuuzwa, Gretzky hakuchukua kombe tena maishani. Oilers walichukua 1990 bila yeye, Messier akiwa nahodha. Los Angeles aliwafikisha fainali mara moja, 1993, wakafungwa na Montreal mechi nne kwa moja. Mwaka 1991 alisukumwa kwa nyuma kwenye mbao katika mechi ya mataifa dhidi ya Marekani, mgongo ukaumia, na baada ya hapo hakuwa tena yule wa miaka ya 80. Na pale Edmonton alikuwa na bahati ya kuzungukwa na wachezaji wakubwa, pamoja na Dave Semenko, pande la mtu ambalo kazi yake ilikuwa kuhakikisha anayemgonga Gretzky anajuta. Haya yote ni kweli. Mimi nayasoma hivi: mchezaji ambaye kazi yake ni kuwapa wengine nafasi anahitaji wengine wanaojua kuitumia. Hilo halipunguzi kazi yake. Miaka yake mitatu ya mwisho katika timu ya New York Rangers, mwili umechoka, aliongoza ligi kwa asisti mara mbili, 1996-97 na 1997-98, kila mara akilingana na mwingine mmoja, akiwa na miaka 37 mara ya pili.

Alicheza mara ya mwisho tarehe 18 Aprili 1999, Madison Square Garden, New York. Timu yake ilifungwa 2-1 na Pittsburgh kwa bao la Jagr, yule yule ambaye leo yuko wa pili kwenye orodha ya pointi. Bao moja la timu yake lilikuwa na asisti ya Gretzky. Ligi ikaistaafisha namba 99 kwa timu zote.

Kwa kijana, basi. Mtafutie video ya fainali ya Kombe la Kanada, mashindano ya timu za mataifa, ya tarehe 15 Septemba 1987, mchezo wa tatu dhidi ya Umoja wa Kisovieti, matokeo 5-5, zimebaki kama dakika moja na nusu. Gretzky anapanda upande wa kushoto na kisahani. Larry Murphy anakimbilia golini na beki anavutwa naye. Mpasie Murphy? Piga mwenyewe? Gretzky anakirudisha nyuma kidogo kwa Lemieux, na Lemieux anafunga. Mwambie mtoto aitazame mara ya kwanza akifuata kisahani, mara ya pili akimfuata Murphy tu, ambaye hakugusa chochote. Kisha mpe ile karatasi na penseli mechi inayofuata ya Oilers. Kipindi kimoja kinatosha, dakika 20. Mtoto wa miaka 10 akichoka na jambo la kutazama atalichukia.

Usimlazimishe barafuni mwaka mzima. Gretzky kiangazi alikuwa akicheza besiboli na lakrosi (mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo yenye wavu), na amekuwa akisema kwamba lakrosi ndiyo iliyomfundisha kujiviringisha na kumkwepa anayekuja kumgonga. Soka nayo inafaa, na hiyo unaweza kumfundisha mwenyewe.

Na kama unahofia mtoto mdogo wa umbo kugongwa: tangu 2013 shirikisho la hoki la Kanada limezuia kugongana miili kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini. Kunaanza kwenye daraja la miaka 13 na 14, na hata huko si kila ngazi inaruhusu. Mwulize kocha mapema klabu yenu ina ngazi gani zisizo na kugongana, ili muda ukifika mchague mkiwa watatu, wewe, mama yake na yeye mwenyewe.